Mnada wa Kompyuta: Wakulima wa Kilimarondo Waulize Waya ni Ngapi

KATIKA soko la Kusini swali la kwanza siku zote ni bei. La pili ni lini fedha zitaingia benki. Wiki hii ukurasa huu unaomba nafasi ya swali la tatu, ambalo wafanyabiashara wengi huwaachia mafundi: bei hiyo inapita kwenye waya gani hadi kufika Kilimarondo?

Msomaji asiyeijua Kilimarondo aelewe kwamba ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Mazao yake huuzwa kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina lililoundwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na korosho zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo mwaka 2007. Kwa miaka mingi mnunuzi alitia barua yake ya zabuni kwenye sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, na wakulima wakakubali au wakakataa.

Kuanzia msimu wa 2024/25 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, lililoanzishwa mwaka 2014. Mnunuzi anaweza kuwa Mtwara, Dar es Salaam au India. Anaandika bei yake kwenye mashine na wakulima wanaiona kwenye skrini. Mnada wa kwanza wa msimu huo, Oktoba 2024, bei ya juu ilivuka Sh 4,000 kwa kilo, na watu wengi wakahitimisha palepale kwamba kompyuta imeleta bei. Mimi sikubaliani na hitimisho hilo. Kompyuta haileti bei, huleta wanunuzi. Nao wanunuzi hao hawaji kwa basi, wanakuja kwa waya, na waya ukikatika wamebaki njiani.

Kukatika kwa njia si jambo geni kwetu. Mwezi Mei 2024 tulipata somo mara mbili ndani ya siku tisa. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia, na mvua zake zikabomoa barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, Wilaya ya Kilwa. Kampuni za mabasi zinazokwenda Kusini ni nyingi, kila moja na rangi yake na jina lake, na ushindani wao wa nauli ni wa kweli. Lakini siku ile majina yote yalisimama pamoja, kwa sababu barabara ilikuwa moja. Aliyekuwa na haraka hakuwa na barabara nyingine ya lami isipokuwa kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa. (Korosho zetu, kweli, siku hizi zinaelekezwa bandari ya Mtwara na hazipiti Somanga. Lakini mbolea, vipuri, sabuni na abiria je?)

Tarehe 12 Mei, siku nane baadaye, ikawa zamu ya mawasiliano. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilidorora nchi nzima kwa siku kadhaa, hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ukafunga milango kwa umma kwa siku mbili kwa sababu hiyo. Angalia jambo lenyewe: mikongo ilikuwa miwili, wenyewe wawili, mikataba miwili. Kilichokuwa kimoja ni kipande cha bahari. Bahati yetu ni kwamba Mei si mwezi wa minada ya korosho, na ufuta ulikuwa ukisubiri kuvunwa.

Nilipokuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa na shahada yangu ya biashara na sijui waya wa simu unatofautiana vipi na kamba ya kuanikia nguo, nilipelekwa kuandika habari ya kampuni moja jijini iliyokuwa imenunua seva mpya. Meneja alinionyesha karatasi ya mtambo kwa fahari. Kulikuwa na mtandao wa mauzo, mtandao wa hesabu, mtandao wa nakala za akiba na mtandao wa dharura. Mitandao minne. Nikaandika minne. Wiki chache baadaye fundi wa usafi alivuta meza, kebo moja ikachomoka nyuma ya kabati la seva, na mitandao yote minne ikazimika kwa pamoja, ule wa dharura ukiwamo. Fundi wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho. Kumbe kadi ya mtandao ilikuwa moja. Yale majina manne yalikuwa kadi pepe, yaani kadi zisizo na umbo, zilizoandikwa ndani ya programu juu ya kadi hiyo moja.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu anatangaza kwamba ana mitandao kadhaa, huwa nauliza imechomekwa wapi.

Si kwamba kadi pepe ni utapeli. Ni chombo kizuri, na kwa mnada ni chombo cha lazima, kama nitakavyoeleza. Ila lazima mwenye mali ajue ananunua nini. Kadi pepe hutenganisha, haiongezi njia. Ukilichora ghala moja mistari ya chokaa sakafuni, huku korosho za Kilimarondo, huku za Ruangwa, huku za Liwale, umepata utaratibu mzuri na magunia hayatachanganyika. Hata hivyo paa likivuja, linavuja kwa wote.

Katika vituo vikubwa vya seva duniani kuna waya wenye kasi kubwa unaoitwa InfiniBand. Ulibuniwa na muungano wa kampuni za kompyuta mwaka 1999. Ulianza na kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, ukapanda hadi 40, 56, 100, 200, na sasa kuna mitambo ya 400 na zaidi. Mwekezaji mdogo anayefuatilia hisa za nje atakumbuka kwamba kampuni ya Israel iliyotawala biashara hiyo, Mellanox, ilinunuliwa na Nvidia kwa takriban dola bilioni 7 za Marekani, mpango ukitangazwa mwaka 2019 na kukamilika Aprili 2020. Wapo waliodhani Nvidia amelipa kupita kiasi. Leo seva zinazofundisha programu za akili bandia hufungwa pamoja kwa maelfu, na bila waya wa namna hiyo mashine ya bei mbaya hukaa ikisubiri jirani yake amalize kuongea.

Sasa, waya huo ukiutaka ubebe mawasiliano ya kawaida ya intaneti, kuna utaratibu wake, uliowekwa rasmi mwaka 2006, na kadi pepe hutengenezwa juu yake kwa mafungu. Kila fungu lina namba yake. Kwanza msimamizi wa mtandao, ambaye ni programu wala si mtu, huandikiwa orodha: fungu namba fulani, wanachama wake ni seva hizi na hizi. Kisha kwenye kila seva fundi huunda kadi pepe ya fungu hilo, huipa anwani, na kazi inaanza. Kadi halisi ikiitwa ib0, mtoto wake wa fungu la kwanza huitwa ib0.8001. Ni amri chache tu, hazijazi nusu ukurasa.

Kosa linaloumiza watu hapo ni la kiutawala kuliko la kiufundi. Fundi anaunda kadi pepe kwenye seva, lakini kule kwa msimamizi orodha haijabadilishwa. Jina linaonekana, anwani inaonekana, ila kadi haiwaki. Ni sawa na mkulima aliyekuja mnadani na magunia yake na kitambulisho chake, lakini katibu hajaliandika jina lake kwenye daftari la chama. Atasimama hapo mpaka jioni. Kosa la pili ni la ukubwa wa vifurushi. Waya huo una namna mbili za kubeba intaneti. Moja kwa kawaida hupitisha kifurushi cha hadi baiti 2,044, nyingine hadi 65,520. Upande mmoja ukipangwa hivi na wa pili vile, jaribio dogo litapita vizuri na fundi atasema mambo safi. Siku ya kutuma orodha ndefu ndipo mambo yanakwama, na hakuna anayejua kwa nini. Wasafirishaji wanalifahamu jambo hili: daraja linalopitisha pikipiki halijathibitisha kwamba litapitisha tani 30.

Lililonivutia zaidi kama mtu wa masoko ni uanachama. Katika fungu la InfiniBand kuna mwanachama kamili na mwanachama wa nusu. Mwanachama kamili huongea na wote. Mwanachama wa nusu huongea na wanachama kamili tu. Wanachama wa nusu wawili hawawezi kuongea wao kwa wao, hata wakiwa fungu moja, na anayezuia ni mtambo wenyewe.

Msomaji ambaye amewahi kukaa kwenye mnada wa Nachingwea ameshaelewa ninakoelekea. Malalamiko makubwa ya wakulima miaka yote ya sanduku la zabuni yalikuwa kwamba wanunuzi hupangiana bei kabla ya mnada. Mashine ya soko ikiwa mwanachama kamili, na mashine ya kila mnunuzi au wakala wake ndani ya kituo cha seva ikiwa mwanachama wa nusu, basi kila mnunuzi anaongea na soko na hakuna anayechungulia bei ya mwenzake kupitia waya huo. Namba ileile ya fungu, haki mbili tofauti. Mafundi watanikumbusha kwamba intaneti juu ya waya huo hutegemea matangazo yanayofika kwa wote, hivyo mpango wa nusu uanachama unahitaji uangalifu ili matangazo hayo yasipotee. Sawa. Mitambo ya Etheneti ya kawaida nayo ina mbinu za namna hiyo, pamoja na ile ya kugawa waya mmoja kwa namba za VLAN hadi 4,094, na hizo zinatosha kwa soko lolote la mazao Afrika Mashariki.

Wala tusidanganyane. Mtambo unazuia mashine zisiongee. Wanunuzi wawili wenye simu za mkononi wakikaa kwenye hoteli moja wanakula samaki, hakuna fungu litakalowatenganisha.

Tena kutenganisha si kuficha. Fungu halifungi barua kwa lakiri. Linaamua tu nani apelekewe. Maandishi yenyewe hubaki wazi mpaka yafungwe kwa fumbo la siri na programu nyingine. Aliyeshika faili la msimamizi wa mtandao anaweza kumpandisha mwanachama wa nusu kuwa kamili kwa kubadili neno moja, na kwenye skrini ya wakulima hapatabadilika kitu. Kwenye ghala la AMCOS tunajua nani ameshika ufunguo, na wakati mwingine kufuli ni mbili, ya chama na ya mwendesha ghala. Faili hilo nalo lilindwe kwa watu wawili, na kila badiliko liandikwe kwenye daftari lisilofutika. Hili ni suala la ukaguzi wa hesabu za chama. Mkaguzi anayehesabu magunia na asiulize faili hilo amefanya nusu ya kazi.

Nirudi kwenye waya wenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha zinapopotea.

Wauzaji wa mitambo wameshagundua kwamba vyama vikuu, benki ndogo na kampuni za ghala zinanunua seva. Lugha yao ni kasi. Tupige hesabu ya duka. Tuseme mnada mkubwa kuliko tuliowahi kuota: wanunuzi 100, kila mmoja anaweka bei mara 100, kila bei ikibeba herufi 1,000 pamoja na majina, namba ya ghala, kilo na saini. Jumla ni herufi milioni 10, sawa na megabiti 80. Kwenye waya wa gigabiti 100 hizo ni chini ya elfu moja ya sekunde. Kwenye waya wa gigabiti 1, ambao siku hizi ni wa bei ya kawaida, hazifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Hata kwenye laini ya mjini ya megabiti 10 kwa sekunde, ni sekunde nane tu. Wakulima waliokuwa wakisubiri sanduku lifunguliwe tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri watazivumilia sekunde nane.

Kwa hiyo chama cha Kusini kinachoshawishiwa kununua kiunganishi cha seva cha gigabiti 100 kwa ajili ya minada kinauziwa lori la tani 30 la kubebea barua. Biashara ya kasi hiyo iko kwa wenye seva maelfu, na anayetaka kuifaidi kwa uwekezaji anaweza kutafuta hisa zao huko ziliko. Sisi tunachohitaji ni utengano mzuri na njia ya pili ya kweli.

Njia ya pili ya kweli ina sifa zake. Mfanyabiashara asiridhike kuambiwa kwamba kadi ina matundu mawili. Matundu mawili ya kadi moja hufa pamoja kadi ikifa. Asiridhike kuambiwa kadi ni mbili kama zote zimechomekwa swichi moja. Asiridhike na swichi mbili zinazokula umeme wa soketi moja. Nasi wa Mtwara na Lindi tunaelewa habari ya umeme, maana kwa miaka mingi tuliutegemea mtambo wa gesi wa Mtwara, tukiwa nje ya gridi ya Taifa. Mtambo ulipougua, mikoa miwili iliwasha mishumaa. Vilevile asiridhike na kampuni mbili za intaneti zilizokodi nafasi ndani ya mkongo uleule, kwenye mtaro uleule kando ya barabara ileile. Ankara mbili si mtaro wa pili.

Kuna na ujanja mmoja wa mauzo unaostahili kutajwa. Kadi mbili za InfiniBand zinaweza kufungwa pamoja zionekane moja kwa intaneti. Muuzaji atasema: gigabiti 100 na gigabiti 100, umepata 200. Si kweli. Kwa mawasiliano ya intaneti juu ya waya huo, ufungaji unaokubalika ni wa moja kufanya kazi na ya pili kungoja. Umelipia mbili ili moja ilale. Binafsi naona hayo ni matumizi mazuri kabisa ya fedha, kama dereva wa akiba kwenye safari ya usiku, ila mnunuzi aambiwe ukweli na bei ijadiliwe kwa ukweli huo.

Jambo jingine ni ulafi. Kadi pepe kumi juu ya waya mmoja hugombea waya huo. Ile ya nakala za akiba ikianza kuhamisha kumbukumbu za mwaka mzima saa ya mnada, ile ya mnada itakaa foleni. InfiniBand ina dawa yake: waya mmoja unaweza kugawanywa vichochoro hadi 16, na kimoja kati ya hivyo kimetengwa moja kwa moja kwa ajili ya uongozi wa mtandao, ili hata msongamano ukizidi amri za msimamizi zipite. Barabara zetu zingekuwa na kichochoro cha namna hiyo kwa ajili ya gari la wagonjwa ingekuwa jambo jema. Mitambo ya kawaida nayo hupangwa ipitishe kazi kwa uzito wake. Lakini lazima mtu aipange, na lazima mtu aandike kwamba mnada una kipaumbele kuliko nakala za akiba. Mtambo haujui kwamba leo Kilimarondo inauza.

Hasara ya uzembe huu inahesabika. Chukua ghala lenye tani 100, yaani kilo 100,000. Waya ukatike dakika za mwisho, wanunuzi wawili wa mbali washindwe kupandisha, na bei ifungwe Sh 50 chini ya pale ingefika. Ni Sh milioni 5 kwa ghala hilo moja. Muuzaji wa mitambo ameshalipwa. Mnunuzi aliyebaki amefurahi. Mchuuzi wa Kilimarondo aliyekopesha dawa ya kupulizia na chakula kwa matarajio ya bei nzuri ndiye atakayedaiwa dukani kwake na watu wasioweza kumlipa. Kwa nini hasara ya kebo iwe ya mtu ambaye hajawahi kuiona?

Wapo wanaosema basi turudi kwenye sanduku. Sikubaliani nao. Sanduku lilikuwa na waya mmoja pia, yaani barabara ya kulifikia. Mnunuzi ambaye gari lake lilikwama njiani hakuwa mnunuzi siku hiyo. Kutegemea njia moja ni ugonjwa wa zamani wa nchi hii ya kwetu. Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa, kwa kuwa ilikuwa imejengwa kwa mzigo mmoja. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kuagiza, na bei ikaanguka kwa mkulima asiyekuwa na mnunuzi wa pili.

Nilipofika Kilimarondo mzee mmoja wa chama cha msingi, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kunikaribisha kiti, aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. "Mwanangu, hizo seva wanazosema, ziko Dar au ziko angani? Maana kijana wa kompyuta alituambia ni za kufikirika." Nikacheka, naye hakucheka. Nikamwambia seva ni chuma, kiko kwenye chumba chenye feni, na cha kufikirika ni mgawanyo tu. Akafikiri kidogo. "Basi chuma kina mlango na kina mtu. Mbona hatujaonyeshwa mtu?"

Napendekeza mzee huyo apelekwe. Sisemi kwa mzaha. Chama kikuu kinapopitisha bajeti ya mawasiliano kwenye mkutano mkuu, wajumbe wadai mchoro mmoja wa karatasi, wenye vitu vinavyoshikika tu: kadi ngapi, swichi ngapi, soketi za umeme ngapi, mkongo unatoka jengo upande gani na unafuata barabara ipi. Majina ya kadi pepe yaandikwe karatasi nyingine. Karatasi ya kwanza ikionyesha mstari mmoja mahali popote kati ya seva na skrini ya wakulima, hapo ndipo fedha ya mwaka ujao iwekwe, kabla ya kununua kasi yoyote. Huenda jibu likawa la bei rahisi: laini ya pili ya simu za mkononi kutoka mnara mwingine, au chombo kidogo cha setilaiti, au kanuni tu kwamba mawasiliano yakikatika dakika kumi za mwisho, mnada unasogezwa mbele kwa muda uleule. Hiyo kanuni haigharimu hata shilingi, na naiona bora kuliko nusu ya mitambo inayotangazwa.

Njia ya Songea ni ndefu na mafuta yake ni mengi. Lakini Mei 2024 aliyezunguka huko alifika.

Halafu lifanyike jaribio, mbele ya wajumbe na wawakilishi wa wanunuzi. Siku isiyo na mnada uendeshwe mnada wa mfano, bei za uongo ziingizwe, na katikati yake fundi achomoe kebo moja kwa mkono wake, kisha nyingine, kisha azime swichi moja. Wajumbe watazame skrini. Kama bei zinaendelea kuingia, mkataba wa mitambo ulipwe. Kama skrini imeganda, muuzaji apewe siku 30, na hundi ikae kwa mhasibu.